Kiingereza Kinachoanzia Nyumbani: Mwongozo wa Kuwafundisha Watu Wazima kwa Mada za Afya ya Mazingira

Mwongozo huu ni kwa walimu na watu wanaojitolea kufundisha Kiingereza kwa watu wazima wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, hasa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi waliopitia kambi kama Nyarugusu, Kakuma na Nakivale kabla ya kupelekwa Louisville, Boise, Des Moines na miji mingine. Wengi wao huanza kazi muda mfupi baada ya kufika, hulea watoto, kisha huja darasani jioni wakiwa wamechoka. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kukariri mazungumzo ya mtalii anayenunua tiketi ya treni. Anahitaji sentensi atakayoitumia kesho asubuhi mbele ya mwenye nyumba, nesi, msimamizi wa kazi au mhudumu wa simu ya dharura, na mada za afya ya mazingira, yaani rangi ya ukuta, maji ya bomba, ukungu, mende, moshi na sabuni kali, zinatoa sentensi hizo kwa wingi kuliko mada nyingine yoyote ninayoijua.

Njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana kuhusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakakubaliana jambo la kufanya, kama vile kuchimba choo au kufyeka nyasi karibu na nyumba. Kisomo na afya vilikwenda pamoja, na kikao kiliisha kwa uamuzi. Mpangilio huo wa kusikiliza, kujadili na kuamua ndio ninaoupendekeza hapa, isipokuwa kwamba uamuzi wa darasa letu huchukua umbo la sentensi ya Kiingereza ambayo mtu atakwenda kuisema.

Hatua ya kwanza: Zijue nyumba kabla ya kupanga somo

Wiki ya kwanza usifundishe mada yoyote. Chora ubaoni nyumba ya kupanga yenye jiko, bafu, vyumba viwili na dirisha, uiite nyumba ya Mama Neema au jina lingine ambalo hakuna mtu darasani analo, kisha waulize wanakisomo kwa Kiswahili: nyumba hii inaweza kuwa na shida gani? Watataja shida za Mama Neema, na nyingi zitakuwa zao wenyewe. Usimtake mtu aeleze hali ya nyumba yake mbele ya wenzake. Kuwa na mende ni aibu kwa mtu mzima anayejiheshimu, hata kama mende hao wametoka kwa jirani kupitia mabomba, na mtu aliyeaibishwa darasani harudi.

Andika yote yaliyotajwa, halafu uwaombe wachague matatu. Wakichagua ukungu wakati wewe ulikuwa umeandaa somo la maji, andaa somo la ukungu.

Hatua ya pili: Chukua mada moja na ukae nayo wiki mbili au tatu

Walimu wengi hukosea kwa kutaka kugusa mambo yote. Mada moja iliyofundishwa kwa kina humpa mwanakisomo maneno, sarufi na ujasiri, ilhali mada sita zilizopitiwa haraka humwachia orodha ya maneno tu. Hata wanakisomo wasipoichagua, kuna mada moja ambayo darasa la wazazi wa watoto wadogo lisiikose, nayo ni sumu ya risasi, yaani madini yanayoitwa "lead" kwa Kiingereza, kwa hiyo nitaitumia kama mfano mkuu wa mwongozo huu.

Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika nyumba za kuishi mwaka 1978, lakini nyumba nyingi za bei nafuu zilijengwa kabla ya hapo, na rangi ya zamani inapochanika hugeuka vumbi ambalo mtoto hulibeba mikononi na kulipeleka mdomoni. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, mtoto wa miaka miwili wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alifariki kwa sumu hiyo, wiki chache baada ya kufika nchini. Kifo hicho na vipimo vilivyofuata viliwafungua macho wataalamu kwamba watoto wakimbizi hupatwa na sumu hii hata baada ya kuhamishiwa Marekani. Leo kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, kinachojulikana kama CDC, kinapendekeza kwamba watoto wakimbizi wa miezi 6 hadi miaka 16 wapimwe damu wanapofika, na walio na miaka 6 au chini ya hapo wapimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Tangu mwaka 2021 kiwango kinachowashtua wahudumu wa afya ni maikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwalimu anapaswa kuyajua haya vizuri, ingawa hatayaeleza yote darasani.

Hatua ya tatu: Anza kwa Kiswahili

Kuna walimu wanaoamini kwamba neno la Kiswahili likisikika darasani, Kiingereza kimeshindwa. Siikubali imani hiyo. Mtu mzima hawezi kufikiri kwa kina katika lugha ambayo ana maneno mia mbili tu, na mada ya sumu inadai kufikiri. Tenga dakika ishirini za mwanzo kwa mazungumzo ya Kiswahili, ukikumbuka kwamba kwa baadhi yao Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili baada ya Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge au Kirundi. Mpe nafasi anayetaka kumnong'oneza mwenzake maelezo kwa lugha ya nyumbani.

Uangalie sana msamiati wako mwenyewe. Neno letu la madini haya ni risasi, na neno hilohilo ndilo la risasi ya bunduki. Mbele ya watu waliokimbia vita, kusema kwamba ukutani mna risasi bila utangulizi ni kuwapa picha nyingine kabisa. Anza na madini yenyewe: metali laini na nzito iliyowahi kuchanganywa katika rangi, petroli na mabomba. Waliosoma kwa Kifaransa huelewa mara moja ukitaja plomb, na wao huwaeleza wengine.

Mazungumzo haya pia ndiyo yanayofichua maarifa waliyokuja nayo, na hapo pana jambo linalohitaji uangalifu mkubwa. Kambini walifundishwa kuchemsha maji, na kuchemsha kuliokoa watoto wao na kipindupindu. Risasi haitoki kwa kuchemsha. Maji yanapopungua kwa mvuke, risasi hubaki na kuongezeka ukali. Usiwaambie kwamba walichojifunza ni kosa, maana si kosa. Waeleze kwamba yule adui wa kwanza alikuwa kiumbe hai, akafa kwa moto, na huyu wa sasa ni madini ambayo moto haumwondoi. Hapo ndipo utafundisha kutumia maji ya baridi ya bomba kwa kupikia na kwa maziwa ya mtoto badala ya maji ya moto ya bomba, kuyaacha yatiririke kwanza ikiwa yamelala bombani usiku kucha, na kutumia filta iliyothibitishwa kuondoa risasi. Kwa upole huohuo gusia udongo ambao baadhi ya wajawazito hula, na wanja wa macho, kwa sababu baadhi ya udongo na wanja unaouzwa umekutwa na risasi. Mwanamke akitambua kwamba mwalimu anaijua desturi hiyo wala haidharau, atakuuliza swali lake baada ya somo.

Hatua ya nne: Leta vitu wanavyovishika kila siku

Kitabu kizuri cha kiada kwa mada hizi ni kabati la chini ya sinki. Leta chupa tupu zilizooshwa za jiki, sabuni ya choo na dawa ya kuulia mende, leta kipande cha rangi kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, na leta tangazo halisi kutoka kwa mwenye nyumba baada ya kufuta majina. Usilete chupa yenye dawa ndani.

Lebo za dawa za kuulia wadudu nchini Marekani hutumia maneno matatu ya tahadhari yanayopanda kwa ukali: "Caution", "Warning" na "Danger". Hata mwanakisomo asiyejua kusoma anaweza kujifunza kuyatambua kwa umbo lake, kuyapanga kwa mpangilio na kueleza tofauti. Kisha lebo hizohizo humpa sarufi ya amri bila jedwali lolote, kwa sababu "Do not mix" ni usichanganye, na "Keep away from children" ni weka mbali na watoto. Eleza ni kwa nini amri hiyo ya kwanza ipo: jiki ikichanganywa na sabuni yenye amonia, au hata na siki, hutoa gesi inayochoma mapafu, na watu wanaofanya usafi hotelini na maofisini hukutana na hatari hiyo kazini.

Hatua ya tano: Sauti zinazobadilisha maana

Chagua maneno manane hadi kumi kwa mada, si zaidi, na uyashughulikie kwa masikio kabla ya macho. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa hiyo "leak", yaani kuvuja, na "lick", yaani kulamba, husikika sawa kwa mgeni, kama vile "heat" na "hit". Mpangaji anayepiga simu mwezi Januari kusema kwamba nyumba haina joto anahitaji irabu ndefu ya "heat", la sivyo ataulizwa nani amempiga.

Mfano mgumu kuliko yote umo katika mada yetu kuu. Neno la Kiingereza la risasi huandikwa "lead" lakini hutamkwa "led". Wanakisomo ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi sana l na r husikia "red", nyekundu, na hivyo nesi akisema rangi ya risasi wao huelewa rangi nyekundu. Mzazi anarudi nyumbani, anatazama kuta nyeupe, anashukuru Mungu. Tumia somo zima kwa jozi hiyo ikibidi. Wafanye wainue kadi nyekundu wanaposikia neno moja na kadi ya kijivu wanaposikia lingine, kwanza wakikutazama mdomo, baadaye ukiwa umewapa mgongo.

Hatua ya sita: Sentensi nne kwa kila mada

Kila mada iishe na sentensi nne tu ambazo kila mtu anaweza kuzisema bila karatasi: ya kutaja shida, ya kusema imeanza lini, ya kuomba jambo fulani, na ya kuuliza litafanyika lini. Kwa mada ya risasi zinaweza kuwa hivi: "The paint is peeling in my child's room. It has been like this since March. Please test the paint. When will you come?" Sentensi ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu inadai tofauti kati ya "since" na "for", ambazo Kiswahili huzibeba kwa tangu na kwa muda wa. Mfundishe mwanakisomo kujiuliza: je, ninataja mahali shida ilipoanzia, au urefu wake?

Sentensi ya kuomba nayo ina mtego. Kwetu naomba ni adabu ya kawaida, hata dukani mtu huomba sukari kwa pesa yake. Baadhi ya wanafunzi huitafsiri kwa neno linalomaanisha kuomba kama ombaomba, na mpangaji anayelipa kodi hapaswi kujishusha hivyo. "Please" na "Could you" zinatosha kubeba heshima yote.

Hatua ya saba: Saa, tarehe na vipimo

Hatua hii huachwa na walimu wengi kwa kudhani ni ya shule ya msingi. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na mtoto aliyekunywa dawa saa mbili asubuhi alikunywa saa ambayo Mmarekani huiita nane. Mama aliyeshtuka hutafsiri namba kama alivyoizoea, anasema "two o'clock", na daktari anapata picha ya mtoto aliyekunywa sumu usiku wa manane. Tena baadhi ya waliosoma Kongo kwa Kifaransa huhesabu saa kwa mtindo wa Kizungu hata wanapozungumza Kiswahili, kwa hiyo darasa moja huweza kuwa na mitindo yote miwili. Usidhani, muulize kila mmoja. Njia iliyonisaidia ni kuweka saa mbili za ukutani, moja ya nyumbani na moja ya Marekani, na kila kipindi mtu mmoja kusimama na kuisoma ile ya pili kwa sauti, akimalizia kwa asubuhi au jioni.

Tarehe hapa huanza na mwezi, na mtu huulizwa uzito kwa pauni, ambapo kilo moja ni pauni 2.2 hivi. Homa ya nyuzi 38 za Selsiasi tulizozizoea husomeka 100.4 kwa Farenhaiti.

Hatua ya nane: Simu

Kuzungumza kwa simu ni kugumu kuliko kuzungumza ana kwa ana, kwani hakuna uso wala mikono ya kusaidia. Weka viti viwili vikipeana mgongo, mmoja awe mwanakisomo na mwingine mhudumu, na mazungumzo yafanyike hivyo. Sentensi ya kwanza ambayo kila mtu lazima aondoke nayo ni "I need a Swahili interpreter." Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kutoa mkalimani bila malipo, na mtoto wa darasa la tano hapaswi kuwa mkalimani wa mama yake mbele ya daktari. Wanaotoka Kongo waongeze kwamba wanataka Kiswahili cha Kongo, maana mkalimani aliyelelewa Mombasa au Unguja huenda asielewane nao vizuri.

Namba za kufundisha ni mbili. Ya kwanza ni 911. Ya pili ni 1-800-222-1222, kituo cha taifa cha ushauri kuhusu sumu, ambacho hupokea simu bure saa zote na kina wakalimani. Mhudumu atauliza umri wa mtoto, uzito wake, alichokula au kunywa, kiasi gani na saa ngapi. Hayo ndiyo maswali ya zoezi lako, na utaona sasa kwa nini saa na pauni zilitangulia.

Kwa mada ya mkaa, zoezi la simu liwe tofauti. Joto la nyumba likikatika, mtu aliyezoea jiko la mkaa huweza kuliwasha ndani, naye hajui kwamba nyumba za huku huzibwa madirisha yasipitishe upepo. Gesi ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi ambao mtu haamki. Hapa mpangilio ni kutoka nje kwanza na watoto wote, ndipo kupiga 911. Waigize kwa miili yao: wainuke, watoke mlangoni, wasimame nje, ndipo wazungumze.

Hatua ya tisa: Ujumbe ulioandikwa

Malalamiko ya mdomo hupotea. Hata mwenye Kiingereza kidogo anaweza kunakili sentensi zake nne katika ujumbe wa simu, akaongeza namba ya nyumba, tarehe na picha ya ukuta, kisha akahifadhi nakala. Wajulishe pia kwamba kwa nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1978, sheria ya Marekani inamtaka mwenye nyumba amweleze mpangaji anachokijua kuhusu rangi ya risasi na ampe kijitabu cha maelezo kabla ya kusaini mkataba. Mtu akishajua kwamba aliwahi kusaini karatasi ya namna hiyo bila kuielewa, anapata hamu ya kusoma ambayo hakuna kitabu cha sarufi kingempa.

Hatua ya kumi: Jua mwisho wa kazi yako

Mwalimu si daktari wala wakili. Usimwambie mzazi kwamba mtoto wake ana sumu au pumu, mfundishe kuuliza, "Can my child have a lead test?" Sheria za upangaji hutofautiana kwa kila jimbo, na kuna watu wanaohofia kufukuzwa wakilalamika, hofu ambayo nyakati nyingine ina msingi. Usimsukume mtu. Mwalike mhudumu wa idara ya afya ya eneo lenu aje darasani, na wanakisomo wamwandalie maswali wiki moja kabla. Kwa mgeni huyo omba azungumze polepole na alete vipeperushi vya Kiswahili ikiwa vipo, lakini uvisome wewe kwanza, kwani baadhi ya tafsiri hizo hazisomeki.

Pia usiache darasa na hofu peke yake. Kila ukitaja hatari, siku hiyohiyo taja jambo linalowezekana kufanywa bila fedha nyingi: kufuta vumbi la dirishani kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu, kuvua viatu mlangoni, kunawa mikono ya mtoto kabla ya kula, kumpa maharage, mboga za majani na maziwa.

Ufuatiliaji

Wiki mbili baada ya mada kumalizika, anza kipindi kwa kuuliza ni nani ametumia sentensi yoyote, wapi, na alijibiwa nini. Andika majibu hayo ya Wamarekani jinsi yalivyosikika, hata kama yamefika vipandevipande, kwa sababu ndiyo maandishi ya kusikiliza ya somo linalofuata. Mama akisema kwamba mwenye nyumba alimjibu kwa haraka neno lililosikika kama "nekswik", liandike ubaoni hivyohivyo, darasa lilisake pamoja mpaka wagundue ni wiki ijayo, kisha wamsaidie kutunga sentensi ya kumuuliza siku gani.

Sentensi ambayo hakuna aliyeitumia ichunguze upya. Huenda ilikuwa ndefu, huenda sauti zake hazikukaa mdomoni, au huenda shida uliyoichagua haikuwa yao. Ipunguze iwe na maneno matano au sita, uirudishe kwenye viti vya kupeana mgongo, na ukumbuke kuangalia ile saa ya pili ukutani kama bado betri yake inafanya kazi.